Fungu la Tatu la Karanga

Bibi yangu wa Urambo, mkoani Tabora, akichambua karanga hutenga mafungu matatu kwenye ungo. Punje nene, zenye ngozi ya waridi isiyo na mkunjo, huzisogeza kulia. Zile za wastani, ambazo ngozi yake haijachubuka hata kidogo, huzisogeza kushoto. Kisha hukusanya kwa ukingo wa kiganja zilizobaki katikati: zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye doa jeusi hapa na pale. "Hizi za treni," anasema akigusa za kulia. "Hizi za mbegu." Zile za katikati hata hazigusi. "Hizi zetu."

Ilikuwa mwezi wa sita, karanga zimeshakauka, nami nimekaa kwenye kigoda pembeni nikijifanya namsaidia. Simu ikalia. Binamu aliyeko Dar alikuwa ametupia ujumbe kwenye kundi la ukoo: mzee akila karanga kiganja kimoja kila siku ubongo wake hauzeeki, wataalamu wamethibitisha, watumie watu kumi unaowapenda. Mama mdogo alikuwa ameshajibu "Amina". Nikamsomea bibi, maana yeye ndiye mzee aliyekuwa akisemwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akapuliza maganda, akauliza: "Karanga zipi?"

Nimesoma mengi juu ya jambo hili tangu siku ile, na bado sijakutana na mtaalamu aliyeuliza swali bora kuliko hilo.

Ujumbe wa binamu ulianza safari yake mbali sana. Kiingereza kina neno moja, "nut", linalozoa kila kokwa yenye ganda gumu na mafuta ndani. Sisi hatuna. Kwetu korosho ni korosho, lozi ni lozi, njugu mawe ni njugu mawe na karanga ni karanga. Hakuna aliyewahi kuingia duka la Tabora mjini akaomba zote kwa jina moja. Mwandishi wa habari za afya akikutana na lile neno la jumla huandika "karanga", kwa kuwa ndiyo msomaji wake anayoijua, na hapo ndipo mambo yanapopinda. Tafiti nyingi zinazotajwa zilitumia jozi, ile kokwa yenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi, ambayo wengi wetu huku hatujawahi kuitia mdomoni. Jozi huzaa juu ya mti. Karanga ni jamii ya kunde, ndugu wa maharage na choroko, tofauti yake ni kwamba huzalia chini ya udongo. Gramu 30 za jozi zina takriban gramu 2.7 za mafuta ya omega-3 ya mimea. Karanga haina kitu cha maana cha aina hiyo. Karanga nayo ina ya kwake: kila gramu 100 zina protini kama gramu 26, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, ina vitamini E, na ina niasini, mojawapo ya vitamini B, kwa wingi ambao nitaurudia, kwa sababu huko ndiko utamu wa habari hii uliko.

Kwanza tuwape watafiti haki yao.

Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika Barcelona, Uhispania, na matokeo yake kuhusu ubongo yakachapishwa mwaka 2015. Walikuwa watu 447, umri wao wa wastani miaka 67 hivi, wenye hatari ya maradhi ya moyo. Kundi moja lilipewa mafuta ya zeituni. La pili lilipewa gramu 30 kwa siku za mchanganyiko wa jozi, lozi na hazeli. La tatu liliambiwa tu lipunguze mafuta kwenye chakula. Baada ya miaka kama minne, waliokula ule mchanganyiko walifanya vizuri kwenye vipimo vya kumbukumbu kuliko wale wa kupunguza mafuta. Hiyo ni habari njema, na sina sababu ya kuibeza. Ila utafiti mama, uliokuwa na watu 7,447, ulilazimika kuondolewa kwenye jarida na kuchapishwa upya mwaka 2018, kwa sababu kuna vituo ambavyo watu hawakugawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu kama ilivyotakiwa. Matokeo hayakubadilika sana. Lugha ya kuyasemea ndiyo iliyopoa.

Halafu ukaja ule ambao makundi ya WhatsApp hayautaji kabisa. Wazee 708 wenye afya zao, wa miaka 63 hadi 79, wengine Barcelona na wengine Loma Linda kule California. Nusu yao walikula jozi kila siku kwa miaka miwili, gramu 30 hadi 60. Nusu nyingine walijizuia. Mwaka 2020 matokeo yakatoka: ukiwachukua wote kwa pamoja, hakukuwa na tofauti ya maana kwenye akili zao. Na fedha za utafiti huo zilichangiwa na chombo cha wakulima wa jozi wa California, watu ambao wangefurahi sana jibu lingekuwa lingine. Nawavulia kofia waliokubali lichapwe hivyo.

Kuna kipande kimoja ndani ya utafiti huo ambacho sikipiti haraka. Wazee wa Barcelona peke yao walionyesha dalili za akili kupungua polepole zaidi walipokula jozi. Wale wa Loma Linda hawakuonyesha. Watafiti wenyewe waliona tofauti: wa Barcelona walikuwa na elimu ndogo zaidi, wengi zaidi waliwahi kuvuta sigara, na chakula chao cha awali kilikuwa na upungufu wa yale mafuta ya omega-3. Wa Loma Linda walikuwa wanakula vizuri tangu zamani. Maana yake ni nini? Huenda kiganja cha jozi kina kazi kwa mtu aliyekuwa na pengo la kuziba, na hakina kazi kwa aliyeshiba. Ni dalili tu, haijawa ushahidi. Lakini kwa mtu anayeandika kutoka Tabora, dalili hiyo ina uzito kuliko kichwa cha habari chochote.

Zile tafiti nyingine, za kuwafuatilia watu bila kuwapa kitu, zina namba kubwa na masharti madogo. Wauguzi wa kike wa Marekani 15,467 waliofikia miaka 70 na kuendelea: waliokula kokwa hizi mara tano au zaidi kwa wiki walikuwa na akili ya mtu aliye mdogo kwao kwa miaka miwili. Ukisoma zaidi unakuta kasi ya kupungua kwa akili haikutofautiana. Walianza juu, wakashuka sawa na wenzao. China, watu 4,822 wa miaka 55 na zaidi: waliokula zaidi ya gramu 10 kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo, kwa kiasi cha asilimia 40, wa kuwa na akili iliyofifia. Na hao wa China walikula karanga hasa, karanga hii hii yetu. Hapo binamu angeruka juu.

Asiruke. Chukulia mtafiti ashuke leo Tabora mjini, awatenge wazee wanaokula korosho kila wiki na wasiozila. Angekuta wala korosho wana kumbukumbu nzuri. Angekuta pia ni walimu na makarani wastaafu, wana pensheni, wana meno, wana mtoto Dar anayetuma pakiti. Korosho ingepewa sifa ya shule. Na kuna la pili: mzee anayeanza kupotewa na akili huanza kusahau kula, huchoka kutafuna, hupungukiwa hamu. Je, ameacha karanga kwa sababu akili imepungua, au akili imepungua kwa sababu ameacha karanga? Kwenye daftari la mtafiti mambo hayo mawili yanafanana kama mapacha.

Kwa hiyo jibu la nusu ya kwanza ya swali la bibi ni hili: zilizopimwa vizuri si za kwako, na za kwako hazijapimwa vizuri.

Lakini iko habari moja ya karanga na akili ya binadamu ambayo haina utata, na imetokea jirani, hapo Malawi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakimbizi wa Msumbiji, mamia ya maelfu, walikuwa wanalishwa mahindi, na karanga zilikuwa sehemu ya mgawo wao. Mgawo wa karanga ukakatika. Mahindi yakaendelea kuja. Ndani ya muda mfupi ukazuka ugonjwa wa pelagra, na mwaka 1990 peke yake waliougua walizidi 17,000. Pelagra huanza kwenye ngozi inayopigwa na jua, shingoni na mikononi, ikababuka kama iliyoungua. Hufuata kuhara. Ikiachwa huingia kichwani: kuchanganyikiwa, kusahau, kuona yasiyopo. Sababu ni upungufu wa niasini. Mahindi yanayo, ila imefungwa kwa namna ambayo tumbo letu haliwezi kuifungua, na karanga ndiyo iliyokuwa inaziba pengo hilo bila mtu kuiambia asante.

Nikiwaza habari hiyo naona chungu cha bibi. Ugali wa mahindi, au wa udaga wa muhogo, na pembeni nsansa, mboga ya majani iliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga, au mlenda wenye karanga, au asubuhi matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga mbichi zikitafunwa pamoja. Wanyamwezi hawakusubiri jarida la udaktari kuwaambia kwamba viazi vikavu peke yake havimtoshi mtu. Kiungo kile cha karanga tunachokiona cha kuongeza ladha ndicho kilichokuwa kinabeba nyumba. Na mboga ikianza kupikwa bila karanga kwa sababu zote zimeuzwa, mzee ambaye hali nyama wala maziwa ndiye wa kwanza kupungukiwa, kwa kuwa watoto wana uji wa shule na vijana wana chipsi za stendi. Sisemi Urambo kuna pelagra. Nasema kazi ya karanga kichwani mwa mzee wa huku huenda ni ya msingi zaidi kuliko hiyo ya kumfanya Mhispania akumbuke orodha ya maneno.

Sasa turudi kwenye lile neno, "za treni", yaani zile za kuuza stesheni.

Urambo ina historia ya karanga zinazoondoka. Mwaka 1946 Waingereza, nchi yao ikiwa imetoka vitani haina mafuta ya kula, walibuni mpango wa kulima karanga Tanganyika kwa ukubwa ambao haujawahi kuonekana: zaidi ya ekari milioni 3 kwenye makaratasi ya mwanzo. Sehemu tatu zikachaguliwa, Kongwa, Nachingwea na Urambo. Yakaletwa matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za shamba, yakaanza kung'oa msitu. Wazee waliokuwa wanalima karanga hapo, kwa jembe la mkono na kwa kuangalia wingu, hawakuulizwa kitu. Januari 1951 mpango ukafutwa, na hasara ya takriban pauni milioni 36 ikaandikwa vitabuni. Waingereza wakakosa mafuta yao ya karanga. Kwenye ardhi iliyokwisha kufyekwa Urambo ikaingia tumbaku, na tumbaku haikutoka tena. Mabani ya kukaushia ndiyo yanayotambulisha vijiji vyetu hadi leo.

Bibi alikuwa binti mdogo wakati huo. Anachokumbuka ni kelele za mashine, na kwamba nyumbani kwao karanga ziliendelea kulimwa kama kawaida, pembeni ya kelele. Sitaki kuufanya mpango ule kuwa sababu ya kila kitu. Bibi anauza karanga zake nzuri kwa sababu anahitaji sabuni, sukari na nauli, wala hakuna Mwingereza anayemlazimisha. Ila mazoea ya kwamba karanga bora ni ya mtu wa mbali yana umri mrefu hapa.

Na fungu la tatu ndilo linalonikosesha usingizi.

Punje iliyosinyaa au kupasuka ni mlango wa kuvu. Kuvu huyo hutoa sumu tunayoiita sumukuvu, isiyo na harufu wala ladha ya kukutahadharisha kila mara, na ambayo kukaanga hupunguza lakini hakuimalizi. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka isizidi maikrogramu 10 kwa kilo ya karanga. Kwa macho hakuna anayeweza kuona maikrogramu. Kinachoonekana ni dalili: ukungu, doa, mkunjo, punje nyepesi kuliko wenzake. Ndiyo maana kuchambua kwa mkono ni kinga kubwa ya mkulima asiye na maabara. Bibi, bila kujua neno hilo la sumukuvu, anachambua kwa ustadi ambao kiwanda kingeulipia. Kisha anachukua kile alichokitenga na kukipika.

Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 kati ya 68 waliougua Dodoma na Manyara. Kule ilikuwa mahindi, na dozi ilikuwa kubwa. Dozi ndogo ya kila siku haina kelele. Inakwenda kwenye ini, inakaa, na miaka ikipita huongeza hatari ya saratani ya ini. Kwa hiyo mzee anayeambiwa ale karanga kila siku kwa ajili ya kichwa, na karanga aliyonayo ni ya fungu la tatu, tumempa ahadi ya ubongo tukamtoza ini. Huo ndio ubishi wangu wote na ule ujumbe. Kiganja cha karanga huko Barcelona kilitoka kwenye pakiti iliyopimwa, kikatolewa bure, kwa mtu ambaye hakuwa na haja ya kukiuza. Ukikihamishia Urambo kiganja kilekile unahamisha neno tu.

Kuna mambo ya shambani yanayolikuza fungu la tatu. Karanga iliyochelewa kung'olewa mvua za mwisho zikiwa bado zinanyesha. Iliyoanikwa chini kwenye udongo mtupu badala ya turubai au mkeka. Iliyohifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni kabla haijakauka sawasawa. Na lile la kunyunyizia maji maganda ili kubangua kuwe rahisi. Nimeshuhudia jirani akifanya hivyo, vidole vyake vimechubuka, na sikuwa na moyo wa kumwambia kitu. Kubangua debe kwa vidole si kazi ya kuhubiriwa na mtu aliyekaa kwenye kigoda.

Nirudi kichwani, maana huko ndiko tulikoanzia.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakirekebishwa, karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa duniani. Shinikizo la damu limo. Kisukari kimo. Uvutaji wa tumbaku umo. Masikio yasiyosikia yamo, macho yasiyotibiwa yamo, upweke umo, moshi na hewa chafu vimo, kukosa shule utotoni kumo. Karanga haimo, wala jozi. Chakula kinaingia kwa mlango wa nyuma, kupitia mishipa ya damu.

Nchini kwetu kuna kazi nzuri iliyofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro. Waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea vijijini, wakakuta kwamba asilimia 6.4 wana ugonjwa huo. Wilaya hiyohiyo, wazee wa umri huohuo, karibu 7 kati ya 10 walikuwa na presha, na wengi wao walikuwa hawajui. Linganisha na Marekani, ambako utafiti uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kwamba kushusha presha kwa nguvu zaidi kulipunguza kwa kama asilimia 19 visa vya kumbukumbu kuanza kulegea. Hiyo ni dawa ya vidonge, ya bei ndogo, iliyopo. Hakuna anayeituma kwa watu kumi anaowapenda.

Nilimpeleka bibi zahanati wiki ileile. Mashine ikasoma 178 kwa 96, muuguzi akamwambia akae, akapima tena, ikasoma karibu na hapo. Bibi akashangaa. "Mbona siumwi?" Muuguzi, binti wa umri wa kuwa kitukuu chake, akamjibu kwa adabu zote: "Bibi, hii haiumi. Inapiga kimya." Akaondoka na vidonge na onyo la chumvi. Njiani akaninong'oneza kwamba chumvi ya Uvinza haina madhara kwa kuwa ni ya kwetu. Nilicheka, ila ndiyo hiyohiyo anayotilia maji anapokaanga karanga, na kwa mkono uliozoea.

Liko jambo jingine ambalo mtu wa Tabora hawezi kuandika juu ya wazee wanaosahau akalikwepa. Katika mkoa huu na mikoa jirani vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi. Alama inayotajwa siku zote ni macho mekundu, yaliyokuwa mekundu kwa miaka 60 ya kupuliza kuni. Ongeza sasa mama mzee anayetoka usiku hajui anakwenda wapi, anayeongea na marehemu mumewe, anayeingia nyumba ya jirani akidhani ni yake. Daktari ataona ugonjwa wa ubongo. Jirani aliyefiwa na mtoto wiki iliyopita anaona kitu kingine kabisa. Kwa familia yenye mzee wa namna hiyo, kuujua ugonjwa kwa jina lake na kuwaeleza majirani mapema ni ulinzi wa uhai, na hakuna kokwa ya kulifanya hilo.

Kwa hiyo wazee wasile karanga? Wale. Ni chakula cha nguvu kwa mtu ambaye hamu imepungua: kiganja kimoja, gramu 30, kinatoa kama kilokalori 170, na ni rafiki wa moyo na mishipa, njia ambayo ubongo unategemea. Mwenye mapengo asilazimishwe kutafuna punje nzima, anaweza kukabwa. Zitwangwe au zisagwe, vijiko viwili vya chakula kwenye uji au mboga vinatosha. Chumvi ipunguzwe. Na zitoke kwenye fungu la kulia.

Nilipiga hesabu pale pale kibarazani, kwa kalamu nyuma ya karatasi ya zahanati. Gramu 30 mara siku 365 ni kama kilo 11. Kilo 11 za karanga zilizobanguliwa hazijazi hata debe. Debe moja kwa mwaka, la daraja la kwanza, ndilo tunaloweza kumtengea mzee mmoja kabla ya kusikia filimbi ya treni, na lile fungu la katikati likatupwa. Si la kuku, maana na kuku sumu inawadhuru. Naliona ni jambo dogo ambalo familia yenye mtu mjini inaweza kulimaliza bila kusubiri serikali wala mfadhili. Mjini tunatuma vocha, vitenge na ujumbe wa afya. Tungenunua debe.

Bibi hakushawishika. "Nile za treni mimi?" Akalitamka kama mtu aliyeambiwa alale kitanda cha mgeni. Nikamwambia debe hilo nalinunua mimi, kwa bei ya stesheni, halafu namwachia. Akazihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga, akanishukuru kwa dua ndefu. Tulilifunga debe pamoja, lote punje nene za waridi, tukalipandisha juu ya matofali mawili pembeni ya kitanda chake ili lisiguse sakafu.

Mwezi wa tisa nikapiga simu. Tukasalimiana, nikauliza habari za presha, akasema anameza, akataja mvua ambayo bado haijaja. Nikauliza na karanga zimebaki kiasi gani.

"Zipo zote, mjukuu wangu. Nimekutunzia. Ukija utazikuta."